Tairi Pana kwenye Mkokoteni: Somo kwa Mlaji Kabla ya Kulipa

Msimu wa mvua unapokaribia, wamiliki wa mikokoteni ya maksai na punda katika wilaya za Tarime na Serengeti huanza kuulizia matairi mapana. Sababu yao inaeleweka. Mkulima wa Mbalibali mwenye mahindi ya kupeleka Mugumu hupita kwenye udongo unaonata, na gurudumu jembamba likizama hapo, kazi ya asubuhi moja huwa kazi ya siku nzima. Muuzaji naye ana jibu tayari: funga tairi pana, halitazama, na utapakia magunia mengi zaidi. Katika somo hili tunaichambua kauli hiyo, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza ni nusu ya ukweli, na sehemu yake ya pili inaweza kukugharimu ekseli, mzigo, au mguu wa mtu anayetembea kando ya mkokoteni.

Tairi pana linafanya nini

Tairi huzama kulingana na uzito unaokandamiza kila sentimita ya udongo chini yake. Mkandamizo huo hukaribiana na nguvu ya upepo uliomo ndani ya tairi. Likijazwa upepo wa paundi 30, tairi liwe jembamba au pana, litaikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribia kuwa ileile. Kinachobadilika zaidi ni umbo la alama linayoiacha. Faida halisi ya tairi pana ni kwamba ndani yake mna nafasi kubwa, hivyo linaweza kubeba mzigo uleule likiwa na upepo pungufu. Likilegea kidogo, hujitandaza juu ya tope badala ya kulikata. Mtu anayefunga tairi pana kisha akalijaza hadi likawa gumu kama gogo amenunua sura ya tairi, hakununua nafuu yake.

Hata hivyo, upepo ukipungua, uwezo wa tairi kubeba nao hupungua. Hapa ndipo kauli ya muuzaji inapovunjika. Upana hukupa nafasi ya kuchagua kati ya kupita topeni na kupakia sana. Haukupi vyote viwili katika safari moja.

Liko pia jambo ambalo watu wa mjini hulisahau. Njia za vijijini huwa na mikondo miwili iliyochimbwa na magurudumu ya miaka mingi. Tairi pana kuliko mkondo hupanda ukingo wake, likajikwaruza ubavuni na kuutikisa mzigo huku na huku. Kabla ya kununua, pima upana wa mkondo wa njia unayoitumia kila siku. Kijiti tu kinatosha.

Kusoma ubavu wa tairi

Tuchukue tairi la gari dogo lililoandikwa 155/80R13 79T. Namba 155 ni upana kwa milimita. Namba 80 inaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo. Namba 13 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 79 ndiyo ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye fedha yako: ni alama ya uwezo wa kubeba, na maana yake ni kilo 437. Herufi T inahusu mwendo wa kilomita 190 kwa saa, jambo lisilomhusu mwenye maksai.

Matairi mawili ya aina hiyo hubeba kilo 874 kwa jumla. Tuseme mkokoteni mtupu una kilo 200. Zinabaki kilo 674, yaani magunia sita ya kilo 100. Sasa tufunge tairi pana zaidi, 175/70R13 82T. Alama 82 ni kilo 475, hivyo matairi mawili ni kilo 950. Ukitoa uzito wa mkokoteni zinabaki kilo 750. Ni magunia saba. Gharama yote hiyo imeongeza gunia moja, tena kwa tairi lililojazwa upepo kamili, si lile uliolilegeza ili lipite topeni. Na kama magunia yenyewe ni ya lumbesa, hesabu hii imekwisha kuharibika kabla ya safari kuanza.

Ni kweli kwamba mkokoteni huenda polepole, na mwendo mdogo hulipunguzia tairi taabu. Lakini nafuu hiyo ni ya tairi zima. Matairi mengi yanayofungwa kwenye mikokoteni yamekwisha kutumika kwenye magari, na mengine yana umri kuliko maksai wanaoyavuta. Tafuta maandishi ya DOT ubavuni, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Liache hapo hapo, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Mpira huzeeka ukiwa umelala stoo pia.

Ringi, ekseli na beringi

Tairi pana halifungwi kwenye ringi yoyote yenye kipenyo kinacholingana. Ringi nyembamba ya inchi 4 inalifaa tairi la 155/80R13, lakini tairi la 185/70R13 huhitaji ringi ya karibu inchi tano na nusu. Likilazimishwa kwenye ringi nyembamba, hutuna katikati kama kitumbua, kashata huisha mstari wa kati, na mkokoteni unapolala upande ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye ringi. Mwambie fundi apime upana wa ringi mbele yako. Jibu la kwamba litaingia tu si kipimo.

Hatari kubwa zaidi hutokea wakati wa kujaza. Tairi lisiloketi vizuri kwenye ringi huongezewa upepo ili ukingo uruke mahali pake. Kwa matairi ya magari madogo, upepo wa kuketisha ukingo usizidi paundi 40. Tairi likipasuka hapo, ringi huruka kwa nguvu ya kuua. Usisimame mbele yake, na usimruhusu mtoto ashike mpira wa pampu. Tyubu nayo iwe ya saizi ya tairi jipya, kwa kuwa tyubu ndogo ikivutwa ijaze tairi kubwa hubaki nyembamba na kutoboka upesi.

Ukitoka milimita 155 kwenda 185, nusu ya ongezeko huelekea ndani, kwenye sanduku la mkokoteni. Pakibaki nafasi isiyofika vidole viwili, tope litajaa hapo na kugeuka breki ambayo maksai watailipia kwa mabega yao. Mafundi wengine hutatua hilo kwa kuweka washa nene ili gurudumu lisogee nje. Hatulishauri: uzito ukiwa mbali na habu huzipinda ncha za ekseli na kuzimaliza beringi. Nyingi ya ekseli hizi zimetoka kwenye magari makukuu, na hakuna namba ubavuni ya kutuambia zimebakiwa na nguvu kiasi gani.

Unapolipa

Nunua matairi mawili yanayofanana saizi. Dai risiti ya EFD, na uombe saizi ya tairi iandikwe, pamoja na neno jipya au lililotumika. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Aliyekuuzia kuukuu kwa jina la jipya unaweza kumlalamikia Tume ya Ushindani (FCC), na ubora wa tairi jipya ukiutilia shaka, peleka taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bila risiti, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Baada ya kufunga, kokota mkokoteni mtupu kwa kilomita moja, kisha uweke kiganja kwenye kila habu. Ikiwa moja ni ya moto kuliko nyingine, au sanduku lina alama mpya ya kukwaruzwa, usipakie. Rudi kwa fundi siku hiyo hiyo, risiti mkononi.