Ndoa na Shahada Yake

Mtu anunuaye ng'ombe mnadani haondoki bila stakabadhi. Huikunja vizuri, akaiweka mahali pakavu, maana ajua ya kuwa siku yo yote aweza kusimamishwa njiani na kuulizwa, "Ng'ombe huyu umempata wapi?" Lakini mtu huyo huyo huoa mke, akala pilau pamoja na jamaa zake, asiwe na hati hata moja ya kuonyesha. Ukimwuliza husema, "Mji mzima waliiona harusi." Sisemi kwamba mke ni mali kama ng'ombe, hasha! Nasema ya kuwa lililo kubwa twalilinda kidogo kuliko lililo dogo.

Harusi ni karamu, na karamu huisha. Ndoa ni neno jingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1971, yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Lishikeni sana neno lile "hiari." Pasipo hiari ya wote wawili hakuna ndoa, hata mahari ikiwa imelipwa yote. Sheria hiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mvulana kuoa akiwa na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikata shauri ya kuwa ruhusa ile ya msichana ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali vivyo hivyo. Ninyi wasichana wa darasa hili, yakumbukeni hayo.

Basi mume na mke wapata nini katika sheria? Kwanza, wapata nyumba iliyo salama. Nyumba wakaayo pamoja haiwezi kuuzwa, wala kutolewa zawadi, wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila idhini ya mwenziwe, hata kama hati ya nyumba ina jina la mmoja tu. Mume mlevi akitaka kuiuza ili alipe madeni yake, mkewe aweza kumzuia mahakamani. Tena mke ana haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, shamba au mbuzi au duka, na kuolewa hakumhamishii mumewe mali hiyo. Mume hupaswa kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na malazi. Wala hakuna ruhusa ya kumpiga mwenzi. Wako wasemao ya kuwa ni desturi, lakini sheria yakataza waziwazi.

Na ndoa ikivunjika, mahakama hugawanya mali waliyoichuma pamoja. Zamani mwanamke aliambiwa, "Wewe ulikuwa ukipika tu, ulichuma nini?" Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kupika, kulea watoto na kuangalia nyumba nako ni kuchangia katika kuipata mali. Mwaonaje? Mtu akirudi shambani akakuta chakula tayari na watoto wameoga, je, hakusaidiwa kulima?

Lakini kazi kubwa ya shahada huonekana kifo kinapokuja. Tuseme mume ni dereva wa lori, naye afa safarini. Matanga hayajaisha, ndugu zake wauliza, "Mwanamke huyu ni nani hapa?" Mwenye shahada aichukua, akaipeleka mahakamani panapoulizwa habari za mirathi, na katika ofisi ya pensheni. Asiye nayo hakupoteza ndoa yake, kwa maana sheria haivunji ndoa kwa sababu haikuandikwa. Hata watu waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana na watu kuwa ni mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana. Ila yampasa mjane kuleta mashahidi. Nao mashahidi ni majirani, na majirani huhama, hufa, na wengine huwaogopa ndugu za marehemu.

Tena mjane yu huru kukaa apendapo, na kuolewa au kutoolewa. Shemeji hawezi kumrithi kwa nguvu. Fungu lake la mali hutegemea sheria ya mirathi itumikayo. Katika sheria ya Kiislamu hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimnyima fungu, zikasema atunzwe na watoto wake. Hapo shahada peke yake haitoshi, wosia nao wahitajiwa. Watoto je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake aliyekufa, wazazi wawe na shahada au wasiwe nayo.

Kuipata si kazi ngumu. Watakao kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla ya ndoa, nao hufunga ndoa mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Waliooana kimila yawapasa kuiandikisha katika siku 30 kwa msajili wa wilaya. Daftari hubaki serikalini, hata mchwa wakiila karatasi iliyo nyumbani, nakala yaweza kuombwa.