Tangazo ukutani halimfunzi mtoto kunawa mikono

Ukiingia katika choo cha umma Nairobi, Mombasa au Kisumu, aghalabu utapata tangazo limebandikwa juu ya sinki: "Nawa mikono kwa sabuni." Simama hapo dakika chache utazame. Wapo watakaopita moja kwa moja hadi nje. Wapo watakaolowesha ncha za vidole na kujipangusa kwenye suruali. Wanaonawa inavyopasa ni wachache, na mara nyingine si kosa lao, kwani mfereji umekauka au sabuni haipo.

Watu hawa wote wanajua kusoma. Wanachokosa ni mazoea, na mazoea hujengwa utotoni.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansi Kimu ilikuwa miongoni mwa masomo ya shule ya msingi. Wasichana kwa wavulana walifunzwa kufua, kuosha vyombo, kuhifadhi chakula na kutunza mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yalipunguzwa, na lile lisilotahiniwa likasukumwa kando. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, ulirejesha mafunzo ya usafi na lishe. Hiyo ni hatua njema. Lakini mtoto aliyefunzwa darasani, akirudi nyumbani asimwone mtu yeyote akinawa, somo lake huishia daftarini.

Huko nyumbani nako mambo yamebadilika. Mzazi wa mjini huondoka alfajiri na kurudi usiku. Kazi zote huachiwa msichana wa kazi, naye mtoto huambiwa asome tu. Matokeo yake ni kijana anayeingia shule ya bweni akiwa na alama nzuri lakini hajui kufua soksi zake, wala hajawahi kuosha choo maishani mwake.

Je, kuna hasara gani? Hasara ni maisha ya watu. Mwezi Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka nchini na kuenea katika kaunti nyingi, Nairobi ikiwemo, na kiliendelea kuua watu mwaka 2023. Wala asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda pekee. Mwezi Juni 2017, wageni waliohudhuria kongamano katika hoteli moja ya kifahari jijini Nairobi waliambukizwa, na kongamano lenyewe lilihusu mambo ya afya! Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufuata njia moja: kinyesi cha mgonjwa hufika kinywani mwa mtu mwingine kupitia mikono, maji, chakula au nzi.

Faida ya kunawa haikugunduliwa jana. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali moja mjini Vienna, aliona kina mama wengi wakifa kwa homa baada ya kujifungua. Aliwaagiza madaktari, ambao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha, wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Vifo vilipungua sana katika muda wa miezi michache. Hata hivyo, wenzake wengi walimpinga. Kumbe hata daktari anaweza kuujua ugonjwa lakini akashindwa na mazoea yake.

Maji peke yake hayatoshi. Viini vya maradhi hunata kwenye mafuta ya ngozi. Sabuni huyashika mafuta hayo na kuyaachanisha na ngozi, kisha maji hubeba vyote. Sabuni yoyote yafaa, hata kipande cha sabuni ya kufulia. Si lazima iwe ya bei ghali.

Mfunze mtoto hatua hizi, nawe uzifuate mbele yake:

1. Lowesha mikono kwa maji safi yanayotiririka. Msinawe wote katika beseni moja, kwani wa mwisho hunawa uchafu wa wenzake.
2. Paka sabuni hadi itoe povu.
3. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha kwa muda usiopungua sekunde 20.
4. Suuza vizuri.
5. Kausha kwa kitambaa safi au uache mikono ikauke kwa hewa.

Nyakati muhimu ni baada ya kutoka chooni, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Dawa ya kupaka mikononi yenye kileo husaidia ukiwa safarini, lakini haifanyi kazi vyema mikono ikiwa na matope au mafuta.

Pasipo na mfereji, chukua mtungi mdogo wa plastiki, utoboe tundu karibu na kitako na ulizibe kwa kijiti. Ukikitoa, maji huchirizika kidogo kidogo. Uning'inize karibu na choo pamoja na sabuni.

Jambo jingine ambalo kila kijana apaswa kulijua ni kumhudumia anayehara. Mpe maji yenye chumvi na sukari yanayouzwa kwa pakiti. Ukikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Akihara choo kama maji ya mchele, akilegea au macho yakididimia, mpeleke hospitalini mara moja, huku akiendelea kunywa njiani.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, mitungi ya maji ilijaa katika kila kituo cha matatu, duka na kanisa. Tulinawa sote, mkubwa kwa mdogo. Hofu ilipopungua, mingi ya mitungi hiyo iliondolewa, lakini kipindupindu hakikuondoka.

Leo jioni, kabla ya kuketi mezani, usimwambie mwanao "nenda unawe". Inuka mwende pamoja. Kesho mpe soksi zake azifue, na wiki ijayo mwonyeshe namna ya kuosha choo. Samaki mkunje angali mbichi.