Somo la Usalama: Ubongo na Kofia Ngumu

Ndugu wafanyakazi, kiwandani Hima au shambani Bwera, kichwa ni chombo cha kazi kisicho na spea. Ubongo ni laini, una uzito wa kilo 1.4 hivi. Upande wake wa kushoto huongoza mkono wa kulia. Sehemu ya kisogoni huona. Fuvu halitanuki: damu ikivuja ndani, hukandamiza ubongo. Ndiyo maana aliyegongwa huweza kuamka, akaongea, kisha baada ya saa chache akazimia. Msimwache akalale peke yake. Akitapika, akisinzia au mkono ukilegea, hospitali mara moja! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bure. Idaini kofia, kisha ivaeni.