Mstari Usioujua Kwenye Taarifa ya Benki

Mteja akifungua taarifa ya akaunti yake na kukuta makato asiyoyatambua, wazo la kwanza huwa ni wizi. Mara nyingine ni wizi kweli. Mara nyingine ni malipo aliyoyaridhia mwenyewe, yakamrudia kwa jina jingine, siku nyingine au kiasi kingine. Ili kuyatofautisha hayo mawili, tuanzie chini kabisa: kadi inapolipa, ni nini hasa kinachosafiri?

Siyo hela. Unapochomeka kadi kwenye mashine dukani, au kuandika namba zake mtandaoni, kinachoondoka ni ujumbe mfupi wa kompyuta. Unapita benki ya mfanyabiashara, unaingia kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, kisha unafika benki iliyokupa kadi. Unauliza swali moja: mwenye kadi hii anaweza kulipa kiasi hiki? Benki yako ikikubali, hukitenga kiasi hicho usiweze kukitumia. Ni kama kumwambia muuza vitenge akuwekee doti moja kando: kitambaa hakijatoka dukani, ila hauziwi mtu mwingine. Ndiyo maana salio la akaunti na salio unaloweza kutumia huwa tofauti.

Ujumbe wa pili ndio unaochukua hela. Mfanyabiashara huutuma baadaye, pengine jioni anapofunga hesabu, pengine siku mbili tatu mbele, akidai malipo halisi. Jumbe hizi mbili si lazima zilingane, na hapo ndipo wasiwasi mwingi unapozaliwa. Hoteli huomba idhini ya gharama ya chumba pamoja na amana ya tahadhari. Ukiondoka, inadai cha chumba tu. Kiasi kilichotengwa mwanzoni kinaweza kuchelewa siku kadhaa kuachiliwa, nawe ukaona mistari miwili na kuamini umekatwa mara mbili. Wanaoishi Marekani hukutana na jambo hilo kwenye vituo vya mafuta. Pampu haijui utajaza kiasi gani, hivyo inaweza kuomba itengwe hadi dola 175, hata kama utaweka mafuta ya dola 30. Kampuni nyingine huomba idhini ya dola 1 tu kuhakikisha kadi yako inafanya kazi, na dola hiyo haichukuliwi kabisa.

Pakiwa na fedha za kigeni, kiasi chenyewe hubadilika. Tuseme umenunua kitu cha dola 20 siku ambayo dola ni shilingi 2,600. Simu inakuonyesha 52,000. Dai halisi linafika siku tatu baadaye, dola imefika 2,640, na benki yako inatoza asilimia 3 kwa muamala wa nje. Dola 20 sasa ni 52,800. Ongeza tozo ya 1,584, jumla 54,384. Hakuna aliyekuibia zile 2,384, ingawa ni haki yako kuiuliza benki kiwango chake cha tozo kabla ya kununua.

Sasa jina. Maelezo ya mfanyabiashara husafiri ndani ya ujumbe wenye muundo wa kimataifa uitwao ISO 8583, uliochapishwa kwanza mwaka 1987. Sehemu yake ya 43, inayobeba jina la muuzaji na mahali alipo, ina nafasi ya herufi na alama 40 tu. Chukua mfano huu wa kubuni: umenunua viatu kwenye duka la mtandaoni liitwalo Nyayo, na taarifa inasoma PAYPAL *KJTRADINGLIMIT GB. Kabla ya nyota ni aliyekusanya malipo. Baada ya nyota ni muuzaji, kwa jina la kampuni iliyosajiliwa, likakatwa mwishoni kwa kukosa nafasi. GB ni Uingereza. Neno Nyayo halionekani popote, na bado malipo ni halali. APPLE.COM/BILL nayo inaweza kukusanya muziki, programu na hifadhi ya picha katika mstari mmoja, pamoja na mchezo ambao mtoto aliununua kwa simu yako.

Malipo ya kila mwezi yanahitaji tahadhari zaidi. Jaribio la bure likiisha, ruhusa uliyoitoa siku ya kwanza inaendelea kufanya kazi. Wengi hudhani kubadilisha kadi kunaikata. Hapana: Visa na Mastercard zina huduma inayoweza kumpelekea mfanyabiashara namba ya kadi yako mpya, huduma isikatike. Dawa ni kujiondoa kwa mfanyabiashara mwenyewe na kutunza uthibitisho.

Wizi wenyewe mara nyingi huanza na kiasi kidogo. Aliyepata namba za kadi nyingi huzijaribu kwa malipo madogo, aone zipi ziko hai, kisha hurudi na makubwa. Kwa hiyo shilingi 1,500 usizozifahamu, zenye jina la nchi ambako hujawahi kununua kitu, zinastahili kushughulikiwa haraka kuliko tofauti ya bei ya hoteli uliyolala.

Ukikuta mstari wa ajabu, tazama kwanza kama muamala bado unasubiri au umekamilika. Kokotoa kiasi chake kwa dola, soma upande wa pili wa nyota, waulize wa nyumbani. Ukibaki bila jibu, funga kadi kwenye programu ya benki au piga namba iliyo nyuma ya kadi, kamwe si ile iliyoletwa na SMS, na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Kisha wasilisha pingamizi kwa maandishi. Kwa madai mengi Visa na Mastercard huruhusu siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uripoti mapema zaidi, kwa hiyo nenda wiki hiyo hiyo.