Dondoo muhimu: Mboga za Kihindi katika jiko la Bujumbura

Biringanya, bamia, kabichi na lengalenga za soko la kwa Siyoni zinatosha kupikia mboga za Kihindi za nyumbani. Kinachotofautisha eneo moja la India na jingine ni viungo.

• Kigujarati: Pasha mafuta, tia haradali. Ikishaacha kurukaruka, ongeza mvuje kidogo, manjano, kisha kabichi. Malizia kwa ndimu na sukari guru kidogo.

• Kipunjabi: Choma biringanya nzima juu ya makaa hadi ganda liungue na ndani kulainike. Menya, ponda. Kaanga kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya. Mafuta yakijitenga, changanya na biringanya.

• Kusini mwa India: Lengalenga hupendeza kwa haradali, pilipili kavu na nazi iliyokunwa, inayotiwa mwishoni.

• Bamia: Osha, kausha kabisa kwa kitambaa, ndipo ukate. Kaanga bila maji wala mfuniko, zisiteleze.

• Mafuta: Mawese yana ladha nzito inayofunika viungo, alizeti inafaa zaidi.

• Viungo: Nunua bizari nyembamba na giligilani zikiwa nzima, kaanga kavu, saga kidogo kidogo. Vya unga hupoteza harufu upesi.