Kuipima Lenzi ya Kupigia Picha za Watu

Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu huko Vienna, alibuni lenzi ya picha za watu ambayo tundu lake, f/3.6, liliingiza nuru nyingi kupita lenzi za wakati ule. Picha zake zilikuwa safi katikati, lakini pembeni zilikuwa na ukungu. Je, ilikuwa lenzi mbaya? La, uso huwekwa katikati.

Jambo hilo husahauliwa na wengi wanunuao lenzi za tundu kubwa siku hizi. Hubandika gazeti ukutani, hulipiga picha, kisha huilaumu lenzi kwa herufi za pembeni. Gazeti lina faida moja: upande mmoja ukizidi mwingine kwa ukungu, yaelekea vioo havikukaa sawa, na lenzi irudishwe dukani.

Kipimo cha haki ni jicho la mtu. Kamera iwekwe juu ya miguu mitatu, tundu lifunguliwe lote, kwa maana ndilo lililolipiwa, na kope zilengwe. Lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.4, ikiwa mita moja na nusu kutoka usoni, huonyesha wazi kina kisichofika sentimita 3. Jicho likiwa safi, sikio hupotea, wala hilo si kosa. Picha kumi zipigwe, kila moja ikilengwa upya kwa mkono. Kope zikiwa na ukungu katika zote kumi, lenzi haifai kwa tundu hilo, hata kama ni safi kwa f/2.8, ambayo lenzi ya bei ndogo nayo yaiweza.