Mwanangu Alihifadhi, Hakusoma: Somo Kutoka Nyumbani Koboko



Ndugu zangu katika imani, wengi mnanifahamu kama yule dada anayeingia darasani Arua siku ya Jumamosi na mtoto mgongoni, kisha Jumapili jioni anakimbilia taksi ya Koboko. Katika halaka mmeniuliza mara nyingi nawafundishaje watoto wangu nyumbani. Nitajibu kwa kuanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifunza zaidi.

Kosa lenyewe

Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano, yuko chekechea. Nikaanza kumfundisha mwenyewe. Baada ya Alfajiri tulisoma Qur'ani, na baada ya chai tulifungua kitabu cha Kiingereza huku maharage yakichemka kwenye sigiri. Shule zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, nikamwambia mume wangu tuendelee hivyo hivyo. Mtoto alikuwa na sura nyingi za Juzuu Amma kifuani, na kitabu chake alikisoma bila kukwama. Wageni walimsifu, nami nikafurahi.

Idd-el-Fitri ya mwaka huo tulikwenda Arua kwa kaka yangu. Akamwita mtoto, akampa karatasi ya vitu vya kununua dukani: sukari, sabuni, chumvi. Mtoto akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Dada, huyu hajui kusoma?" kaka akauliza.

Nikasema ana haya tu. Haikuwa kweli, na nilianza kuhisi hivyo palepale.

Usiku tuliporudi Koboko nilifungua kitabu chake katikati, nikaifunika picha kwa kiganja. Akaanza kutaja maneno ya ukurasa wa kwanza. Nikachukua msahafu, nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya aya anayoijua vizuri. Hakuweza kulitaja mpaka aanze sura kwa Bismillahi. Miaka miwili mtoto alikuwa akinisikiliza na kurudia. Masikio yake yalikuwa hodari, lakini herufi hakuzijua. Mimi sikuwahi kumpima kwa ukurasa mpya.

Dini inatufunza nini hapa

Kuhifadhi si kosa. Qur'ani imefika kwetu kwa vifua vya watu kabla ya karatasi, na mtoto anayehifadhi amepata neema kubwa. Lakini aya za kwanza za Suratul-Alaq zinataja kusoma na zinataja kalamu pia. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga, na mwanamke ametajwa humo kwa nyumba yake na watoto. Nilikuwa nikiitumia hadithi hii kuwajibu walionilaumu kwa kutompeleka mtoto shule. Usiku ule niliiona upande wa pili: nitaulizwa mimi kama mtoto amejifunza kweli.

Kikwazo changu kilikuwa aibu. Jirani yetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama Mkristo. Niliogopa atasema nini, na niliogopa Waislamu wenzangu watasema nini nikimwita. Kisha nikakumbuka habari za Badr, mwaka wa 2 Hijria. Imepokewa kwamba baadhi ya mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya fidia walipewa njia ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walikuwa washirikina waliotoka kupigana na Waislamu, na bado elimu yao ya kalamu ilikubaliwa. Jirani yangu hajawahi kunitendea ila wema. Asubuhi nikaenda kwake.

Tulivyoanza upya

Alimsikiliza mtoto kwa dakika kumi, akaniambia, "Mwanangu, kichwa chake kizuri. Umempa kitabu kabla ya kumpa herufi. Tena kwa lugha asiyoizungumza."

Akanikumbusha kwamba mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, ili mtoto asome kwanza maneno anayoyajua. Nyumbani kwetu tunazungumza Kinubi na Kiswahili. Tukaanza na Kiswahili, kwa kuwa silabi zake husomeka kama zilivyoandikwa: sa-bu-ni, su-ka-ri. Katika Kiingereza herufi moja hubadilisha sauti kutoka neno hadi neno.

Kazi yetu ya kila siku ikawa hii:

1. Silabi tano, kwa robo saa tu. Nilizoea kumkalisha saa mbili, na nusu yake alikuwa akimtazama mdogo wake anacheza.
2. Kuandika kitu cha kweli. Siku ya soko yeye ndiye aliyeandika orodha yetu.
3. Ukurasa mpya, picha imefunikwa.
4. Qur'ani kwa njia hiyo hiyo: baada ya kusikiliza hifdhi, naonyesha neno moja katikati ya aya alitaje.
5. Kila Ijumaa mwalimu jirani anampima, mimi nikiwa nje ya chumba, maana nilikuwa namsaidia kwa macho bila kujua.

Baada ya Asri anacheza na watoto wa mtaani, na hilo silipunguzi.

Ilichukua miezi. Siku moja, tukiwa kwenye foleni ya jerikeni, akasoma maandishi ya gunia la mchele yeye mwenyewe. Sasa anakwenda shule. Mtihani wa PLE wa darasa la saba husajiliwa kupitia kituo cha UNEB, na tulitaka awazoee walimu na wenzake mapema. Wadogo zake wawili bado nawafundisha nyumbani, na mwalimu bado anakuja Ijumaa.

Nanyi wanafunzi

Mkirudi nyumbani likizo, msiwaombe wadogo zenu wawasomee kitabu wanachokipenda. Wapeni ukurasa wasioujua. Mkiona mtoto amekwama, msimwaibishe mama yake mbele ya wageni. Kaeni naye robo saa kila siku mpaka likizo iishe. Ni sadaka isiyohitaji fedha.

Maswali ya halaka

1. Suratu Luqman, aya ya 13 hadi ya 19: Luqman anamfundisha mwanawe mambo gani, na kwa mpangilio upi?
2. Katika masomo yako mwenyewe hapa chuoni, ni somo gani umelihifadhi bila kulielewa? Utampa nani akupime?

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu. Amin.